Dawa Inakutesa? Sema Kabla Hujaiacha

Wadogo zangu, leo maswali ya wakwe na mawifi nayaweka foleni, yasubiri toleo lijalo. Kuna swali linanijia kila mara kwa sura tofauti, na nimeona nilijibu hapa ili tulisikie wote.

Mmoja anauliza: "Dada, kaka yangu ana skizofrenia. Anahudhuria kliniki, na zile sauti hazisikii tena. Ila dawa zimempooza, anashinda amelala, mikono inatetemeka. Nimwachishe?" Mwingine ni binti, anasema amenenepa mpaka nguo za Idi iliyopita hazipandi, kwa hiyo siku hizi leo anameza, kesho anaruka. Wa tatu ni baba wa familia. Huyu hata shida yake hakuiandika waziwazi. Kasema tu kwamba mambo ya chumbani yamekwisha tangu aanze vidonge, na mkewe anadhani ana mwingine.

Jibu langu kwa wote watatu ni moja, na nalitoa mapema ili hata unayesoma umesimama kwenye daladala ulipate kabla ya kushuka. Kuomba kubadilishiwa dawa ni haki yako. Kujibadilishia mwenyewe, au kuacha kimyakimya, ndiko kunakowarudisha watu wodini.

Sasa kaeni vizuri tuongee kwa kirefu.

Si wewe peke yako

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili, si laana ya ukoo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inampata mtu mmoja katika kila watu 300 hivi duniani, maana yake hata mtaani kwenu yupo. Na kati ya wanaotibiwa, wanaolalamikia dawa ni wengi mno. Mwaka 2005 Marekani ulitoka utafiti mkubwa uitwao CATIE. Watu 1,493 wenye ugonjwa huu walipewa dawa mbalimbali, za zamani na mpya, wakafuatiliwa kwa miezi 18. Kabla ya miezi hiyo kwisha, asilimia 74 walikuwa wameshaachana na dawa waliyoanza nayo. Wengine waliona haiwasaidii, wengine ilikuwa inawasumbua mwili, wengine waliikataa tu wenyewe.

Kwa hiyo dawa ya kwanza isipokufaa, usidhani una mkosi, wala usidhani daktari wako hajui kazi. Miili haifanani.

Lakini nisikilizeni na upande wa pili. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 65. Ndani ya mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia watu 27 katika kila 100 walioendelea na dawa. Kwa waliotolewa kwenye dawa na kupewa vidonge vitupu, uliwarudia 64 katika kila 100. Pengo hilo ndilo linalonifanya niwe mkali.

Ubaya ni kwamba ukiacha leo, kesho huoni kitu. Tena unaweza kujisikia mzima kuliko jana: usingizi umepungua, mwili mwepesi, kichwa kimefunguka. Hapo ndipo mtu husema, "Kumbe sikuwa naumwa, walikuwa wananilevya tu." Zinapita wiki, wakati mwingine miezi, ndipo usingizi unapoanza kukatika, mtu anaanza kukaa peke yake na kutowaamini wa nyumbani. Na kwa kuwa umepita muda mrefu, hakuna anayekumbuka kuiunganisha hali hiyo na vidonge vilivyoachwa. Watu wanasema amerogwa upya.

Kabla ya kuihukumu dawa

Si kila dawa inayoonekana kushindwa imeshindwa kweli. Jibuni maswali haya kwa ukweli, na majibu myapeleke kliniki.

La kwanza: inamezwa? Sisemi inachukuliwa dirishani, nasema inamezwa. Wapo wanaoificha chini ya ulimi, wapo wanaomeza wiki ya mwisho tu kabla ya kuonana na daktari. Daktari asiyejua hilo ataongeza dozi au kuhamia dawa kali zaidi, kumbe ile ya kwanza haijapata nafasi ya kufanya kazi.

La pili: imepewa muda? Dawa hizi haziponyi kwa usiku mmoja kama ya maumivu ya kichwa. Kwa kawaida mtu huhitaji wiki nne hadi sita kwenye dozi ya kutosha ndipo aseme imemfaa au haikumfaa. Ukibadilisha kila wiki mbili, mwisho wa mwaka utakuwa umezionja zote na hujui hata moja.

La tatu: kuna kitu kingine kinachoingilia? Hapa wengi hawajui. Moshi wa sigara hulifanya ini liharakishe kuziondoa olanzapini na klozapini mwilini, hivyo mvutaji huweza kuhitaji dozi kubwa zaidi. Akiacha sigara ghafla huku dozi ni ileile, dawa inapanda kwenye damu na kumlewesha. Kuacha sigara ni jambo jema, ila mwambie daktari siku hiyohiyo. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hupunguza nguvu ya haloperidoli, risperidoni na nyingine kadhaa. Karbamazepini ya kifafa nayo ni hivyohivyo. Na bangi, wadogo zangu, huuamsha ugonjwa wenyewe. Hapo hakuna dawa ya kubadilisha mpaka kwanza bangi itoke.

La nne: je, dozi ikipunguzwa, au ikihamishwa kutoka asubuhi kwenda usiku, shida haiishi? Mara nyingine usingizi wa mchana unakwisha kwa kubadili saa ya kumeza tu. Unene nao unaweza kutafutiwa dawa ya kuusaidia bila kuigusa dawa inayomtuliza mtu. Hayo mwachie daktari, ila uliza.

Kila dawa na visa vyake

Nitawatajia zile mnazokutana nazo sana kliniki zetu, iwe Mirembe kule Dodoma, Muhimbili, Kidongo Chekundu Unguja, Mathari jijini Nairobi, au hospitali ya wilaya tu.

Za zamani ni haloperidoli na klopromazini, hii ya pili wazee wanaijua kwa jina la Largactil. Ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili jijini Paris mwaka 1952, na mpaka leo inasaidia watu. Haloperidoli husifika kwa kutuliza, lakini ndiyo yenye kukakamaza: mikono kutetemeka, kutembea hatua fupifupi, shingo au macho kupinda, au mtu kushindwa kabisa kukaa kitini, anakwenda na kurudi. Kaka wa yule aliyeuliza wa kwanza huenda yuko hapo. Ndiyo maana wengi hupewa na kidonge cha Artane au benzeksoli. Hicho hakitibu skizofrenia, kinalegeza ule ukakamavu tu. Klopromazini yenyewe huleta usingizi na kuifanya ngozi iungue upesi juani, kwa hiyo wa shambani na wa baharini wavae kofia na mikono mirefu.

Olanzapini haikakamazi sana, ila huleta njaa, unene na wakati mwingine kisukari. Binti yangu wa nguo za Idi, nadhani tunaelewana. Ukianzishiwa hii, omba upimwe uzito, presha na sukari mwanzoni, na sukari irudiwe baada ya miezi mitatu hivi. Uzito pima kila mwezi hata kwa mizani ya duka la dawa.

Risperidoni, na haloperidoli pia, huweza kupandisha homoni ya maziwa. Mwanamke anakosa hedhi au anatokwa maziwa bila kunyonyesha. Mwanamume anapungukiwa nguvu za kiume, wengine hata kifua kinavimba. Baba wa familia, umesikia? Huna mwingine, hujarogwa, na huenda ni kidonge tu. Mwambie daktari, na mkeo umwonyeshe ukurasa huu. Wahenga walishasema mficha uchi hazai.

Aripiprazoli ni nyepesi kwenye uzito na haipandishi homoni hiyo, ila mwanzoni huweza kumfanya mtu asitulie na akose usingizi.

Na hapa kina dada niwanong'oneze. Ukihamishwa kutoka risperidoni kwenda dawa isiyopandisha homoni hiyo, hedhi inaweza kurudi, na uwezo wa kushika mimba nao ukarudi kabla hata hujaiona hedhi. Kama hujapanga kupata mtoto, ongelea uzazi wa mpango siku hiyohiyo unayobadilishiwa dawa. Na ikiwa tayari una mimba, usitupe vidonge kwa hofu. Wahi kliniki, maana ugonjwa kurudi katikati ya ujauzito ni hatari kwa mama na kwa mtoto.

Dawa hubadilishwaje?

Daktari ana njia kama tatu. Anaweza kuisimamisha ya zamani leo na kuanza mpya kesho. Hii hutumika pale dawa ya zamani inapokuwa imeleta hatari, huna muda wa kusubiri. Anaweza kuzipishanisha, ile ya zamani inashuka kidogokidogo huku mpya inapanda kidogokidogo. Au anaweza kuipandisha mpya mpaka dozi kamili kwanza, ndipo aanze kuishusha ya zamani. Ni kama walinzi wa zamu: wa usiku haondoki getini mpaka wa asubuhi amefika na kukabidhiwa funguo. Mgonjwa wa nje, anayelala nyumbani kwake bila nesi wa kumtazama usiku, mara nyingi hupelekwa kwa njia hizi mbili za polepole.

Sasa shida inakuja hapa. Ratiba ya kupishanisha ni ngumu kuishika kichwani. "Ya zamani nusu kwa wiki moja, mpya moja usiku, wiki ijayo ya zamani robo..." Ukitoka mlangoni umeshasahau. Kwa hiyo usiondoke bila karatasi. Omba daktari au nesi akuandikie kwenye daftari la kliniki wiki kwa wiki: dawa gani, vidonge vingapi, asubuhi au usiku, na tarehe ambayo ya zamani inakoma kabisa.

Hiyo tarehe ya kukoma ni muhimu kuliko mnavyodhani. Wapo wengi ambao walipofika katikati walijisikia nafuu wakaogopa kuendelea, au walikosa kliniki moja, wakabaki wanameza dawa mbili kwa miaka, na madhara ya zote mbili. Ukiona miezi imepita na bado una chupa mbili, uliza: "Daktari, hii ya zamani tulipanga iishe lini?"

Na jambo moja la hesabu. Msilinganishe dawa kwa namba za miligramu. Miligramu 5 za haloperidoli zina nguvu kuliko miligramu 100 za klopromazini, ingawa namba inaonekana ndogo. Ndiyo maana nawakataza kuazimana vidonge na jirani anayeumwa kama wewe.

Wiki za kuhama

Mwili ukizoea dawa halafu ukaondolewa, hulalamika. Ukitoka kwenye dawa yenye kulaza, kama olanzapini au klopromazini, unaweza kukosa usingizi, kutokwa jasho, kusikia kichefuchefu, kuwa na wasiwasi. Yakija siku za mwanzo baada ya kupunguza dozi, mara nyingi ni mwili unazoea. Usikurupuke kusema dawa mpya ni mbaya, lakini pia usinyamaze. Piga simu kliniki au rudi kabla ya tarehe yako. Nayo Artane usiiache siku moja na haloperidoli, kwa sababu haloperidoli hubaki mwilini kwa muda na ukakamavu unaweza kurudi. Daktari ataipunguza Artane baadaye.

Chagueni wakati wa kuhama. Msihamie dawa mpya wiki ya msiba, ya harusi, ya mitihani, au wakati wa kuhama nyumba, kama hakuna dharura. Na mwezi wa Ramadhani, anayefunga azungumze na daktari mapema kuhusu saa za kumeza.

Wanaochoma sindano, ile ya Modecate au ya haloperidoli, kwenu mambo ni ya taratibu zaidi. Sindano hiyo ni ya mafuta, inakaa kwenye msuli na kuachia dawa kwa wiki nyingi. Ukiruka sindano ya mwezi huu, bado dawa ipo mwilini, na ndiyo maana unajiona mzima na kuamini huihitaji. Vilevile ukihamia vidonge leo, ya zamani bado inafanya kazi, kwa hiyo madhara yake hayatakwisha wiki hii. Subira. Kwa upande mwingine, anayesahau vidonge kila mara anaweza kuomba kuhamia sindano. Si adhabu. Ni kupunguziwa kazi ya kukumbuka na ugomvi wa kila jioni wa "umemeza, hujameza?"

Ukishajaribu mbili

Kama umetumia dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi na muda wa kutosha, umemeza kweli, na sauti bado zinakusema, basi kuzunguka kwenda ya tatu na ya nne zinazofanana nazo hakusaidii sana. Hapo uliza kuhusu klozapini. Mwaka 1988 utafiti wa Marekani kwa wagonjwa walioshindwa na dawa nyingine ulionyesha kwamba asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini, na asilimia 4 tu kwa klopromazini.

Mbona basi haigawiwi kila mahali? Kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Mwaka 1975 wagonjwa kadhaa walikufa nchini Finland kwa sababu hiyo, na nchi nyingi zikaiweka kando kwa miaka. Ilirudi kwa sharti la kupima damu mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo. Kwa hiyo kabla ya kuikubali, uliza: kipimo cha damu kinapatikana hapa, kwa bei gani, na dawa yenyewe ipo kila mwezi? Ukiwa nayo na ukapata homa au koo kuuma, wahi hospitali siku hiyohiyo, usimeze panado ukalala. Kukosa choo siku kadhaa nako sema, si jambo la kuchekea. Na ukiikosa kwa zaidi ya saa 48, usirudi kwenye dozi yako ya kawaida. Huanzwa upya kutoka chini, kwa maelekezo ya daktari.

Dirishani wakisema imeisha

Uhaba nao hubadilisha dawa za watu wengi kwetu, si daktari peke yake. Umefika dirishani, unaambiwa olanzapini hakuna, chukua haloperidoli. Usiondoke kimya. Rudi kwa daktari au nesi wa kliniki akuandikie dozi na namna ya kuhama, na aandike kwamba sababu ni uhaba, si kushindwa kwa dawa. Ikirudi, utajua ya kuiomba. Kabla ya kuhamia dawa mpya ya gharama, piga hesabu ya miezi sita, si ya mwezi mmoja. Dawa nzuri unayoimudu hadi Machi tu itakuumiza Aprili. Na kwenye hifadhi yako nyumbani, usisubiri kidonge cha mwisho ndipo ukumbuke kliniki.

Kwa mnaouguza

Ninyi ndio daktari wa usiku. Tafuteni daftari la shule la kurasa chache. Kila siku mistari mitatu: amelala saa ngapi, amekula vipi, amesema au kufanya nini kisicho cha kawaida. Mkifika kliniki, dakika kumi mlizopewa zitatosha, kwa sababu mna ushahidi mkononi.

Mjue pia dalili za mwanzo za mgonjwa wenu, maana kila mmoja ana zake. Kuna anayeacha kuoga, kuna anayeanza kusali usiku kucha, kuna anayezima simu akisema anafuatiliwa. Zikija wakati wa kuhama dawa, msingoje tarehe ya kliniki.

Msimtilie dawa kwenye uji bila yeye kujua. Siku akigundua, na atagundua, hatakula chakula chenu wala kumeza dawa yenu. Na mnaompeleka kwenye maombi au kwa sheikh kusomewa, sina ugomvi nanyi, imani humtia mtu nguvu. Ila anayewaambia "tupa vidonge kwanza ndipo nimwombee", huyo mkimbieni.

Dharura ni hizi, hapa hamsubiri kesho: homa kali pamoja na mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa, shingo au ulimi kupinda mpaka kupumua au kumeza kunakuwa shida, kuzimia, kusema anataka kujiua au sauti zinamwamuru adhuru mtu. Mpelekeni hospitali iliyo karibu na dawa zake zote mkononi, hata maboksi matupu.

Neno langu la mwisho

Wewe unayemeza, kabla ya kliniki ijayo kaa uandike mambo matatu: dawa inanisaidia nini, inanitesa nini, na nataka nirudie kufanya nini maishani, iwe kazi, masomo au ndoa. Anza na linalokutia aibu zaidi, kwa sababu ndilo utakalolisahau makusudi ukifika mlangoni. Ukijibiwa kwa ukali, omba kuonana na mwingine, lakini endelea kumeza huku ukidai. Na ninyi madaktari na manesi mnaosoma ukurasa huu, waulizeni wagonjwa kuhusu usingizi, uzito, hedhi na chumbani bila kusubiri waanze wao. Anayeulizwa vizuri haachi dawa kwa siri.